Pikipiki Iliyonikataa

Mume wangu wa kwanza aliamini kwamba yeye hakosei na kwamba pikipiki yake pia haikosei. Kwa hiyo ilipoanza kupoteza nguvu ilibidi atafutwe mkosaji mwingine, na ndani ya ile nyumba yetu ya Jericho mkosaji aliyekuwa karibu nilikuwa mimi. Nasimulia haya bila hasira, au tuseme kwa hasira kidogo tu, kwa sababu mwenyewe alishakufa na pikipiki ilishauzwa kwa kilo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikaa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, vyumba viwili na jikoni ambamo watu wawili hawawezi kupishana. Yeye alikuwa karani wa mahakama pale Makadara, na jioni alirudi na sauti ya hakimu. Nikimwambia sukari imeisha, aliniuliza, "Hoja yako hasa ni nini?" Nikikohoa wakati anaongea, alinyamaza na kunitazama mpaka nimalize, kisha akaanza upya tangu mwanzo. Mimi nilifuma sweta za watoto wa shule kwa mashine iliyokaa kando ya kitanda. Hatukuwa na mtoto bado, na neno hilo "bado" lilikuwa likisemwa kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba kila mwezi.

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, nyekundu iliyopauka, ya ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Ilikuwa imepita kwa wenyewe wengi kabla ya kutufikia. Haikulala nje, maana Jericho ukilaza pikipiki nje asubuhi unakuta tone la oili tu. Ililala sebuleni juu ya gunia, kati ya kabati la vyombo na viti nilivyovivalisha vitambaa vyangu vya kushona. Mgeni akija alikunywa chai goti lake likigusa egzosi.

Kisha akaja mama yake kutoka Machakos kutibiwa macho. Macho yakapona, yeye hakuondoka. Tukamwekea kitanda hapo sebuleni, kando ya pikipiki, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama alivyomwita mwanawe. Mdomo wangu ulisema mwaitu na moyo wangu ukasema mengine. Alikuja na kiondo chake, na ndani ya kiondo mlikuwa na kila kitu alichokiamini: tumbaku yake ya kunusa, Biblia yake, na mche wa sabuni ya buluu. Sabuni yangu ya njano aliikataa siku ya kwanza. Alisema inamwasha. Nikawa nazifua nguo zake kwa sabuni yake ya buluu, na nikimaliza alininyang'anya kipande na kukirudisha kiondoni, akikipima kwa macho kama nimekila.

Alilalamikia harufu ya petroli kuliko alivyowahi kulalamikia macho. "Mnanilaza na hiki kitu kama mimi ni mlinzi wake," alisema. Mwanawe alimwambia avumilie. Sijui kwa nini hakuniambia mimi nivumilie, labda kwa sababu hilo halikuhitaji kusemwa.

Siku moja kiungo cha chini cha tangi kilianza kudondosha. Mume wangu alimleta fundi wake, aliyekuwa na kibanda cha mabati kando ya Jogoo Road. Fundi aliinama, akapapasa chini ya tangi, akaomba sabuni. Nikampa kipande cha ile yangu ya njano. Akakisugua pale palipovuja mpaka sabuni ikaingia kwenye ufa, na petroli ikakoma. Mwaitu alikuwa amekaa kitandani akitazama. Akainuka nusu.

"Sabuni inashinda petroli?"

"Mathe, petroli haiwezi sabuni," fundi akamwambia. "Maji ndio hukula sabuni. Ukitaka kufunga petroli, wewe weka sabuni tu, itatulia."

Mwaitu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefundishwa jambo la maana. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nafikiria sabuni yangu, ambayo fundi aliiweka mfukoni akaondoka nayo.

Haukupita muda, pikipiki ikaanza vituko.

Kila mwisho wa mwezi, baada ya mshahara, tulikwenda kwao Machakos kupeleka unga, sukari na mkate. Alijaza tangi mpaka shingoni, mimi nikakaa nyuma upande mmoja kama walivyokaa wanawake wa heshima, mkate mapajani. Tulipita Athi River vizuri. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Lukenya, sauti ya injini ikawa nyembamba, kama mtu anayekabwa. Akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, hapakuwa na kitu. Akarudisha gia, ikakoroma kidogo, ikazima. Malori yakatupita yakitupigia honi.

Akashuka, akafungua kifuniko cha tangi aone kama kuna petroli. Kifuniko kililia fyuu. Petroli ilikuwapo. Akafunga, akapiga stata, ikawaka mara moja. Tukapanda. Kabla hatujafika njia panda ya Machakos ikazima tena, vivyo hivyo.

"Shuka," aliniambia.

Nikashuka. Akafungua tangi, akachungulia, akafunga, akawasha, akaondoka peke yake kupanda kile kilima. Ikapanda vizuri. Mimi nikafuata kwa miguu na viatu vyangu vya Jumapili, mkate kichwani, na watu waliokuwa kwenye magari ya abiria wakanitazama mpaka wakachoka. Nilipomfikia huko juu, alikuwa amekaa kwenye tangi amekunja mikono.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona nini?"

"Bila wewe inapanda."

Nikiyakumbuka maneno hayo hata leo mkono unaniwasha. Tulirudi Nairobi jioni na hadithi ikawa ile ile: inabeba, inakabwa, inazima, ninashuka. Jumatatu akaenda nayo kazini, na haikumsumbua hata kidogo. Kutoka Jericho hadi Makadara hata injini haijapata joto. Lakini yeye hakuhesabu umbali. Alichohesabu ni kwamba Jumatatu mimi sikuwa juu yake.

Ikaanza safari ya mafundi. Yule wa Jogoo Road alibadilisha plagi. Mwisho wa mwezi ikazima. Akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli na brashi ya meno, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo mpaka midomo ikawa nyeusi. Mwisho wa mwezi ikazima. Akasema ni masizi kwenye egzosi, akaitoa, akaichoma juu ya moto wa mabaki ya tairi mpaka ikawa nyekundu, watoto wa mtaa wakishangilia. Ikazima. Akaja na ringi mpya za pistoni, kisha akasema ni klachi inateleza. Kila alipomaliza aliipanda mwenyewe, akazunguka mtaa, akarudi na tabasamu. Mara ya mwisho alirudi, akaizima, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Mzee, hii pikipiki iko sawa kabisa. Mimi nimefungua kila kitu. Labda shida ni mzigo."

Mzigo ulikuwa umesimama pale pale na birika ya chai mkononi. Ulikuwa mimi. Mume wangu alinigeukia akanitazama kuanzia chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka.

Ningependa kusema kwamba nilimwagia fundi ile chai. Nilimpa kikombe chake, nikaongeza sukari.

Kesho yake baada ya kazi mume wangu alinipeleka kwenye mashine ya kusaga unga. Nilidhani tunakwenda kusaga. Pale palikuwa na mizani ya magunia, ile ya chuma yenye ubao chini, na foleni ya wanawake na debe zao za mahindi. Akamwambia mwenye mashine, kwa sauti yake ya mahakamani, "Hebu nipimie huyu."

Nikadhani anatania. Alikuwa amenishika mkono, juu ya kiwiko.

Nikapanda pale ubaoni. Unga ulikuwa ukiruka hewani, ukanitua kichwani na mabegani. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza wakijificha na leso, kisha wazi wazi. Mmoja akauliza kama ninauzwa kwa kilo au kwa debe. Mwenye mashine akasukuma jiwe la mizani huku na huku, akalirudisha nyuma, akalirudisha tena nyuma.

"Hata gunia hajafika, mzee. Mahindi ni mazito kuliko huyu."

Wakacheka tena, na safari hii nilidhani kicheko kiko upande wangu. Nilishuka nikajikung'uta unga. Nilijua nimeshinda. Uzito haukuwa kosa langu tena, na ushahidi ulikuwa wa chuma, mbele ya mtaa mzima. Nilimfuata nikijiambia kwamba hatimaye atamrudia fundi na kumdai jibu.

Kumbe kwa kupatikana si mzito ndio nilizidi kuharibu mambo. Tulipofika nyumbani alimweleza mama yake alichoambiwa, na mwaitu akanusa tumbaku yake, akafuta pua.

"Basi kama si uzito," alisema, "ni nini?"

Mwaitu akajijibu mwenyewe, kwa Kikamba, polepole, ili kila mtu asikie. Kwamba pikipiki ile imenikataa. Kwamba chombo hukataa mtu mwenye kisirani. Kwamba tangu niingie mle ndani ng'ombe wao mmoja amekufa, macho yake yakaharibika, na kitanda changu hakijaleta mtoto. Sasa hata chuma kinaona. Aliyasema bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayekuambia sketi yako imechanika nyuma.

Kisirani ni neno dogo, lakini likishakuingia halitoki. Ukivunja kikombe, ni kisirani. Umeme wa mtaa mzima ukikatika, wanakutazama wewe. Uzito unaweza kuupima mahali. Kisirani hakina mizani.

Mume wangu aliimba kwaya, na alikuwa akisema hadharani kwamba Mkristo haamini mambo ya nuksi. Nilimgeukia nikingoja aseme hilo. Alikuwa akikagua kucha zake.

"Hatuwezi kusema bila kujaribu," akasema mwishowe.

"Ijaribu na mtu mwingine," mwaitu akasema.

Mtu mwingine alikuwa tayari. Alikuwa msichana aliyepiga chapa pale mahakamani, mwanakwaya pia, sauti ya kwanza, mwenye meno mazuri na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Walikuwa na mazoezi ya kwaya huko Thika Jumamosi moja. Asubuhi hiyo nilimpigia mume wangu pasi shati. Msichana akaja mlangoni, akaniita dada, akasimama kwenye kizingiti akilalamika kwamba upepo utamharibia nywele. Mume wangu akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa kitambaa changu cha kichwa, kile cha maua ya zambarau nilichovaa siku tuliyofunga ndoa, akampa.

Nikasema, "Hicho ni changu."

"Atakirudisha," akajibu.

Wakaondoka. Mwaitu alitoa kiti nje akakaa kuanikwa na jua, akingoja. Mimi nikakaa kwenye mashine yangu nikafuma sweta nzima bila kujua naifuma ya mtoto wa umri gani. Niliomba Mungu pikipiki ile izime. Niliomba kwa nguvu zaidi ya nilivyowahi kuomba mtoto. Niliwaona katikati ya mashamba ya kahawa, yeye akisukuma na msichana akitembea na viatu mkononi, na picha hiyo ilinipa raha ambayo sijawahi kuitubu.

Jioni walirudi wakicheka. Haikuwa imezima hata mara moja.

"Kama upepo!" mume wangu akasema, na akairudia kwa mama yake, na akairudia kwa jirani aliyepita. Mwaitu akapiga kigelegele kimoja cha chini chini, kama mtu anayejaribu sauti. Msichana, ambaye sidhani alijua alikuwa amepandishwa mizani gani, alinirudishia kitambaa kikinuka mafuta yake ya nywele.

"Tulienda tukiwa karibu kuishiwa petroli," alinieleza. "Tukaweka kidogo Ruiru, tukanywa soda. Wakati wa kurudi tukaweka tena kidogo. Safari nzuri sana, dada."

Usiku ule ule, kabla sahani hazijatolewa mezani, mume wangu alitoa hukumu. Alisema mwisho wa mwezi atanipeleka kwetu nikapumzike.

Anayejua lugha ya nyumba zetu anajua maana ya kupumzika. Mke anayependwa hapumzishwi. Ukiambiwa ukapumzike kwenu, unabeba sanduku, na hakuna anayekuambia siku ya kurudi. Wanaoulizwa husema, "Amekwenda kupumzika kidogo," mpaka siku moja hawaulizwi tena kwa sababu kuna mwingine anayefungua mlango. Na kwetu, huko mbele ya Machakos, hapakuwa na pa kupumzikia. Kaka yangu alikuwa ameoa, mkewe ndiye aliyelala katika chumba changu, na baba hakuwa mtu wa kumpokea binti ambaye alishamwoza. Ile nyumba ya kanjo, pamoja na harufu yake na mama mkwe wake, ndiyo ilikuwa paa langu pekee.

Nilibaki na wiki chache. Nilizitumia kufua, kupika na kuhesabu siku.

Asubuhi moja nilikuwa natengeneza chai ya mwaitu. Alipenda maziwa ya mkebe. Nilitoboa mkebe kwa msumari, tundu moja, nikainamisha, maziwa yakatoka tone moja, yakagoma. Kila mtu anajua kwamba mkebe hutobolewa matundu mawili, moja la maziwa na moja la hewa, lakini siku zile akili yangu haikuwa nyumbani. Nikatoboa la pili. Mkebe ukalia fyuu, kidogo sana, na maziwa yakamiminika.

Niliijua sauti hiyo. Niliisikia kila mwisho wa mwezi kando ya barabara ya Mombasa, kila alipofungua kifuniko kuchungulia. Na kila alipochungulia, pikipiki iliwaka. Na Ruiru alifungua kuweka petroli, akaenda. Akafungua tena, akarudi. Nilisimama na mkebe mkononi mpaka chai ikamwagika kwenye stovu na moto ukazima.

Mwaitu alikuwa nje juani. Niliingia sebuleni, nikafungua kifuniko cha tangi, nikakigeuza chini juu. Katikati palikuwa na mahali pa kitundu, na kitundu hakikuwapo. Palikuwa na kitu kigumu, laini juu, kilichosindiliwa kwa kidole. Nikachukua pini ya kuzibulia stovu, nikachokoa. Kikatoka kijipande kidogo kama ganda la mbegu ya nyanya.

Kilikuwa cha buluu.

Nilikaa kitandani kwake na nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Mtu mzima alikuwa amechoka na harufu ya petroli, akamsikia fundi kwamba sabuni huituliza, akatafuta harufu inatokea wapi, akakuta kitundu, akakiziba. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kisirani. Nadhani wakati ule hakujua alichofanya, na hata leo simwekei kinyongo kwa hilo. Nilichomwekea kilikuja baadaye.

Sikuchokoa yote. Nilibakiza ya kutosha kuonekana. Nilingoja Jumapili, tulipotoka kanisani na wote wawili wamekaa mezani, wakila mandazi yangu. Nikaweka kifuniko kwenye sahani nyeupe, matako juu, pini ya stovu kando yake, nikakisogeza katikati ya meza.

"Ni hii," nikasema. "Tangi lilizibwa pumzi. Petroli haishuki. Mkifungua inapata hewa, inashuka, mkifunga inakabwa tena. Kitundu kimezibwa na sabuni."

Mume wangu alikiinua. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona uso wake ukibadilika, na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilimpenda.

"Sabuni ya rangi gani?" nikamwuliza.

"Buluu."

"Yangu ni rangi gani?"

Mimi nilikuwa nikimtazama mama yake. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiondo kilichoning'inia kwenye msumari, yakakaa pale, yakarudi. Hapo alijua. Hapo hasa, ndazi mkononi, alijua ni kidole cha nani. Na mimi nilijua kwamba amejua, na nikangoja acheke aseme, ala, kumbe ni mimi mzee mjinga. Tungecheka wote. Ningemsamehe kabla hajamaliza.

Mwaitu akaweka ndazi chini.

"Na nguo zangu hufuliwa na nani?" akauliza.

Redio ya jirani ilikuwa ikiimba.

"Nani hushika hiyo sabuni ya buluu kila wiki?" akaendelea. "Mimi macho yangu haya, nione kitundu cha sindano?"

"Mwaitu," nikasema, "mimi niizibe pikipiki halafu nishushwe barabarani? Niizibe ili nisukume? Nipimwe kama mahindi?"

"Ndiyo kisirani hicho," akamwambia mwanawe, si mimi. "Hajui hata anachokifanya."

Nilimgeukia mume wangu. Huyu ndiye mtu aliyesikiliza mashahidi siku nzima, mwaka mzima, aliyejisifu kwamba anamjua mwongo kabla hajaapa. Alikuwa amechukua pini ya stovu kutoka kwenye sahani. Alikuwa anachokoa mabaki ya sabuni, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alikiweka kifuniko mdomoni, akapuliza. Hewa ikapita. Akapuliza tena, na tabasamu likaenea usoni mwake, la furaha tupu, kama la mtoto aliyepewa filimbi.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe ni hewa tu!"

"Umesikia alichosema mama yako?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Pikipiki imepona. Kesi imekwisha."

"Na mimi?"

Alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kukirudisha kifuniko kwenye tangi. Alikikaza vizuri, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Mwisho wa mwezi uko pale pale," akasema. "Nimeshawaambia watu."

Wiki zile za mwisho nilielewa jambo ambalo mwanamke yeyote pale mashineni angeniambia bure: kwamba hakuna mtu aliyekuwa akitafuta shida ya pikipiki. Yule msichana mpiga chapa alikuja mara mbili kumwona mwaitu na kumletea tumbaku. Sikumchukia. Nilimtazama alivyocheka na nikajua siku moja naye atapimwa, kwa kitu kingine.

Siku ilipofika, alijaza tangi mpaka shingoni. Akafunga sanduku langu nyuma kwa mpira wa tairi, beseni juu ya sanduku, mashine ya kufuma ikabaki kwa sababu alisema haifai kusafirishwa. Mwaitu alinipa mkono. Mkono wake ulinuka sabuni ya buluu. Nikapanda, si upande mmoja tena, nikatanua miguu kama mwanamume ili niweze kushika mzigo, na hakuna aliyenikemea.

Nilikuwa na tumaini moja la kijinga, na nililishika njia nzima. Izime. Izime Mlolongo, izime mtoni, izime popote, ili tusimame, ili tushuke, ili aonekane mjinga, ili tulazimike kurudi. Tulipita Athi River. Barabara ikaanza kupanda kuelekea Lukenya, nikafumba macho, nikasikiliza. Injini haikubadilisha sauti. Ilinibeba mimi, na sanduku, na beseni, na yeye, ikapanda kile kilima kama haikuwahi kusikia habari za kisirani. Niliijua kazi yangu. Kitundu kile nilikizibua mimi.

Huko juu, mahali aliponingojea mara ya kwanza amekunja mikono, aligeuza kichwa nusu, upepo ukimpiga mdomoni. Alikuwa na furaha. Nadhani alikuwa amesahau ni nani amekaa nyuma.

"Unasikia nguvu hiyo?" akapiga kelele.

"Nasikia," nikajibu.

Tulifika kwetu mchana. Mke wa kaka yangu alikuwa uani akipepeta maharagwe, akasimama na ungo mkononi, akatazama sanduku, akatazama beseni, akaelewa. Mume wangu alifungua mpira, akateremsha vitu vyangu akavipanga kando ya njia, vizuri, kwa mstari. Aliviteremsha vyote bila kuizima injini.